Kuahirisha masomo ya chuo ili ujipange upya: mwongozo kamili, kuanzia wazo la kwanza hadi siku ya kurudi darasani

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo ambaye anahudhuria vipindi, anafanya mitihani, pengine anafaulu vizuri tu, lakini akiulizwa anakwenda wapi na masomo hayo anakosa la kusema. Ni wa yule pia aliyeanza kukosa kipindi kimoja, kisha viwili, na sasa anaona haya hata kupita karibu na ofisi ya idara. Wote wawili wameanza kufikiria kusimama kwa muda, na wana haki ya kulifikiria jambo hilo kwa uzito bila kuitwa wavivu.

Naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo. Kusimama kwa muda kunaweza kuwa uamuzi bora kuliko yote utakayoufanya ukiwa chuoni, mradi uondoke na mambo matatu mkononi: swali unalolitafutia jibu, barua rasmi ya chuo inayokulindia nafasi yako, na tarehe ya kuamua. Wanafunzi wanaoniumiza moyo ni wale wanaotoweka. Wanafunga begi katikati ya muhula bila kumwambia mtu, wakitumaini kwamba wataeleza baadaye. Chuo hakijui kama wanaumwa au wamefariki, kinawaandikia sifuri katika kila somo, na mwaka unaofuata wanakuta jina limefutwa. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa ni cha kukuepusha na hilo.

Hatua ya 1: Tambua kinachokuchosha

Tunasema "nimechoka na chuo", na chuo ni mambo mengi. Huenda ni kozi yenyewe. Huenda ni somo moja na mhadhiri mmoja. Huenda ni ada ambayo haijalipwa na inakunyima usingizi, chumba chenye kelele, uhusiano uliovunjika, msiba, au mwili unaoumwa. Kila moja lina dawa yake, na kwa baadhi yake kuahirisha masomo hakusaidii chochote. Aliyekimbia madeni atarudi ayakute yamezaa.

Kwa wiki mbili, kila usiku kabla ya kulala, andika mistari mitatu: saa gani leo ulikuwa na nguvu, saa gani ulitamani kukimbia, na ulikuwa unafanya nini wakati huo. Andika matukio, siyo maoni. Wiki mbili zikiisha, soma zote kwa mkupuo. Ukikuta kwamba kila siku mbaya ilikuwa siku ya maabara, umejua jambo ambalo kulalamika kwa mwaka mzima hakukukuonyesha. Ukikuta siku zote ni mbaya, hata Jumapili, hata ukiwa na marafiki, basi tatizo huenda liko nje ya kozi.

Kisha jiulize maswali haya na uyajibu kwa maandishi. Ada yote ikilipwa leo, ningebaki? Nikihamishiwa kozi nyingine hapa hapa, ningebaki? Nikilala vizuri mwezi mzima, ningebaki? Jibu la "ndiyo" hata moja linakuonyesha njia fupi zaidi ya kuahirisha: kupunguza idadi ya masomo ya muhula, kuhama kozi, kuomba kufanya mtihani maalumu baadaye, kuhama chumba, kumwona mshauri nasaha. Jaribu njia hiyo kwanza.

Hapa afya ya akili inastahili nafasi yake. Huzuni, au kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, tena usingizi na ulaji vikivurugika na akili ikishindwa kutulia, ni dalili ambazo daktari huziangalia anapopima ugonjwa wa sonona. Utafiti wa Ronald Kessler na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 nchini Marekani, ulionyesha kwamba kati ya watu wanaopata matatizo ya akili wakati wowote maishani, robo tatu huwa wameanza kuyapata kufikia umri wa miaka 24. Maana yake umri wa chuo ndio umri ambao maradhi haya hujitokeza, na wengi huyachukulia kuwa ni kukosa mwelekeo. Ukiziona dalili hizo, daktari aje kabla ya msajili. Vyuo vingi vina ruhusa ya kuahirisha kwa sababu za kiafya, na mara nyingi masharti yake kuhusu ada na mitihani huwa laini kuliko ya ruhusa ya kawaida, lakini yanadai cheti cha daktari chenye tarehe za wakati ulipoumwa. Na kama una mawazo ya kujidhuru, weka mwongozo huu kando, mpigie sasa hivi mtu unayemwamini na umwambie waziwazi, au nenda hospitali iliyo karibu nawe.

Hatua ya 2: Andika swali moja

"Nataka kujitafuta" ni maneno mazito, lakini hayakwambii ufanye nini Jumatatu asubuhi. Swali zuri ni lile ambalo baada ya miezi kadhaa unaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana, kwa sababu umeona na umegusa.

Kwa mfano: "Naweza kufanya kazi ya uhasibu kila siku kwa miezi minne bila kuichukia?" "Ninapenda kufundisha, au ninapenda tu kusifiwa na wadogo zangu?" "Bila uhandisi, kuna kazi nyingine ninayoweza kujifunza ikanilipa?" Maswali haya yana kazi ndani yake. Ukiyasoma, unajua uanze kumtafuta nani.

Usijaribu kupanga maisha yote kwa likizo moja. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68. Watu wa kila umri walikiri kwamba walibadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini wakadhani miaka 10 ijayo hawatabadilika kiasi hicho. Kijana wa miaka 20 anayetaka kujua atapenda nini akiwa na miaka 45 anatafuta kitu ambacho hakijakuwapo. Tafuta hatua inayofuata, inatosha.

Hatua ya 3: Soma kanuni za chuo chako, neno kwa neno

Hii ndiyo hatua inayochosha na ndiyo inayookoa. Kila chuo kina kitabu cha kanuni za taaluma, na ndani yake kuna sehemu ya kuahirisha masomo. Isome mwenyewe kabla hujauliza marafiki, maana marafiki hukwambia yaliyompata mtu fulani mwaka fulani, na kanuni huenda zimebadilika.

Tofautisha mambo matatu yanayochanganywa kila siku. Kuahirisha masomo ni kuomba ruhusa ya kusimama kwa muda uliotajwa huku ukibaki mwanafunzi wa chuo. Kujitoa ni kumaliza uhusiano na chuo kwa hiari yako. Ukitaka kurudi, unaomba upya na unaweza kukataliwa. Kufutiwa usajili ni chuo kukuondoa, ama kwa kufeli, ama kwa kutolipa, ama kwa kutoweka. Fomu za mambo haya wakati mwingine hukaa kaunta moja na zinafanana. Soma kichwa cha fomu kabla ya kutia saini.

Ukishasoma, nenda kwa mshauri wako wa masomo, kisha ofisi ya msajili, ukiwa na maswali yako kwenye karatasi:

- Ruhusa inatolewa kwa muhula au kwa mwaka, na inaweza kuongezwa mara ngapi?
- Muda wa kuahirisha unahesabiwa ndani ya ukomo wa miaka ya kumaliza shahada?
- Siku ya mwisho ya kuomba ni ipi, na siku ya mwisho ya kutoa taarifa kwamba narudi ni ipi?
- Masomo ya muhula huu yataandikwaje kwenye matokeo yangu?
- Kozi yangu itakuwapo nikirudi, na kwa mtaala uleule?
- Nafasi ya bweni, kitambulisho, barua pepe ya chuo, maktaba na bima ya afya vinakuwaje nikiwa nje?

Swali la mtaala lichimbe zaidi, maana ndilo linalowakuta wengi bila kutarajia. Masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na moja hufungua mlango wa jingine. Ukiahirisha muhula wa kwanza pekee, unaweza kurudi muhula wa pili ukakuta huruhusiwi kusoma nusu ya masomo yake kwa kuwa hukusoma yanayotangulia. Ulidhani umepoteza muhula, kumbe umepoteza mwaka. Chukua orodha ya masomo yote yaliyobaki hadi mwisho wa shahada, yapange kwa mihula kuanzia utakaporudi, na umwombe mshauri ayapitie mbele yako. Kazi ya saa moja hiyo imeshawafanya wanafunzi wengi wabadilishe tarehe ya kuondoka.

Kuhusu wakati: mwisho wa muhula, baada ya mitihani, ni bora kuliko wakati mwingine wowote. Matokeo yanabaki, ada iliyolipwa imefanya kazi yake, na unarudi ukianzia mahali safi. Kama huwezi kufika mwisho wa muhula, omba mapema iwezekanavyo. Vyuo vingi huweka tarehe ambayo ukiondoka kabla yake somo halionekani kabisa kwenye matokeo, na ukiondoka baada yake linaandikwa kuwa umeshindwa au umeliacha. Tarehe hiyo ikukae kichwani.

Mwanafunzi ambaye yuko hatarini kufeli mwaka asidhani kuahirisha ni ujanja wa kukwepa. Sehemu nyingi hukataa ombi la mtu ambaye matokeo yake ya muhula uliopita tayari yanamtaka aondolewe. Waone idara kwanza, uliza kuhusu mitihani ya marudio, na ukubali kile ambacho kimeshatokea.

Hatua ya 4: Hesabu pesa kabla ya kusema na wazazi

Anayekulipia ada ana haki ya kusikia namba, kwa hiyo uwe nazo.

Kama unasoma kwa mkopo, mwulize mkopeshaji kwa maandishi ni lini marejesho yanaanza mwanafunzi anaposimama. Katika mikopo mingi saa huanza kuhesabu siku unapoacha kuhudhuria masomo, bila kujali kwamba unakusudia kurudi. Mfano ulio wazi ni mikopo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza: ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo unapata miezi 6 kabla ya kuanza kulipa. Ukirudi kabla ya miezi hiyo kuisha, inahesabiwa upya utakapomaliza. Ikipita ukiwa nje, umeshaitumia. Mwanafunzi anayechukua mwaka mzima akidhani mkopo umelala usingizi pamoja naye huamshwa na barua ya madai.

Kama una ufadhili, tafuta sentensi inayosema ufadhili huo utaendelea ukisimama. Mara nyingi haipo, na ukimya wa mkataba usiuchukue kuwa ruhusa. Andika, uliza, hifadhi jibu.

Unayesoma nje ya nchi yako una jambo la haraka zaidi, nalo ni viza. Ruhusa ya chuo na ruhusa ya uhamiaji ni vitu viwili. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi iitwayo F-1 anayesimamisha masomo kwa idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ana siku 15 za kuondoka nchini, na akikaa nje ya masomo kwa zaidi ya miezi 5, kwa kawaida hulazimika kuanza upya taratibu za hati ya chuo na viza. Asiyeomba idhini hiyo hana hata zile siku 15. Popote ulipo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni iwe ya kwanza kuitembelea, hata kabla ya mshauri wako.

Halafu piga hesabu ya kuishi: utakaa wapi, utakula kwa fedha ya nani, nauli, simu, dawa. Andika kiasi cha mwezi, zidisha kwa miezi, na ongeza akiba kidogo. Weka kando ada ya muhula wa kurudi tangu mwanzo, kama unaweza, katika akaunti ambayo huigusi. Wanafunzi wengi wanaoshindwa kurudi hawakushindwa na uamuzi. Walirudi na moyo wote wakakuta ada imeliwa na biashara ndogo waliyoianzisha katikati ya likizo.

Hatua ya 5: Zungumza na wazazi au walezi

Wengi wangependa kuiruka hatua hii, au kuifanya kwa ujumbe wa simu usiku. Usifanye hivyo. Mzazi anaposikia "nataka kusimama masomo", masikioni mwake linaingia neno moja: ameacha. Anaona miaka ya kujinyima imekwenda. Hasira inayotoka hapo mara nyingi ni hofu, na hofu haitulizwi kwa hoja za falsafa ya maisha. Inatulizwa kwa tarehe, karatasi na namba, ndiyo maana hatua hii inakuja baada ya zile nne.

Chagua wakati ambao hakuna haraka wala wageni. Kama kuna mtu mzima wanayemsikiliza, mjomba au shangazi, mweleze yeye mapema na umwombe akae nanyi. Anza na kile unachokilinda:

"Baba, mama, nimekuja kuomba ushauri wenu. Siachi chuo. Nataka kuomba kuahirisha mwaka mmoja, na chuo kikikubali kitanipa barua yenye tarehe ya kurudi. Nimefika mahali nasoma bila kujua nasomea nini, na naogopa kumaliza pesa zenu kwenye kozi ambayo sitaifanyia kazi. Nimeandika nitakachofanya kila mwezi na gharama zake. Naomba muangalie, mniambie wapi hamkubaliani."

Baada ya hapo nyamaza, usikilize. Wakisema jambo la kweli, likubali hapohapo: "Hilo sikulifikiria, mama, nitaliuliza." Kama wanakataa kabisa, usiwalazimishe kujibu siku hiyo. Waachie karatasi, rudi baada ya wiki. Ahidi kuwapa taarifa kila mwisho wa mwezi, na utimize ahadi hiyo hata mwezi ambao huna la kujivunia. Kumbuka pia kwamba huenda wao wana taarifa ambayo hukuwa nayo, kwa mfano hali ya fedha nyumbani ambayo ingefanya kuahirisha mwaka ujao kuwe afadhali kuliko mwaka huu.

Hatua ya 6: Andika barua

Barua fupi hupita haraka. Usimwage moyo wako kwa watu wa kamati ambao hawakujui, na usidanganye sababu. Mfano:

"Kwa Msajili wa Taaluma,

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MASOMO

Mimi ni (jina kamili), mwenye namba ya usajili (namba), mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya (kozi). Naomba kuahirisha masomo kuanzia mwanzo wa muhula wa kwanza wa mwaka ujao wa masomo, kwa muda wa mihula miwili. Nimekamilisha mitihani yote ya mwaka huu na sidaiwi ada.

Sababu ya ombi langu ni kupata uzoefu wa kazi katika fani yangu na kutathmini mwelekeo wa masomo yangu. Nimezungumza na mshauri wangu wa masomo, na maoni yake yameambatishwa. Nakusudia kurejea mwanzoni mwa mwaka wa masomo unaofuata.

Wako mtiifu,"

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha subiri jibu la maandishi. Kupeleka ombi hakukupi ruhusa. Endelea kuhudhuria vipindi mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi. Ikifika, ipige picha, itume kwenye barua pepe yako binafsi, na nakala nyingine ibaki kwa mtu unayemwamini. Pakua pia matokeo yako yote, ratiba za masomo na risiti za ada kabla akaunti yako ya chuo haijafungwa.

Hatua ya 7: Ipange miezi yenyewe

Wiki za mwanzo pumzika kwelikweli. Lala, tembea, saidia kazi za nyumbani. Lakini upumzikaji huo uwe na mwisho ulioandikwa, wiki tatu au nne, kwa sababu siku zisizo na umbo huungana na simu ikazimaliza.

Baadaye anza kulijaribu swali lako. Njia ya haraka ni kuzungumza na watu wanaofanya kazi unayoifikiria. Usiwaulize kama kazi yao ni nzuri. Waulize jana walifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, ni sehemu gani ya kazi wanayoiahirisha kila mara, na kama wangeanza upya wangesoma nini. Watu watano wa aina hiyo watakuonyesha kazi ilivyo kuliko mwaka wa mihadhara. Ukimaliza na mmoja, mwombe akuelekeze kwa mwingine.

Kisha ingia kazini. Kama unaweza kupata mafunzo kazini au kibarua ndani ya fani yenyewe, hata kwa malipo madogo, kipokee na ukae nacho kwa miezi mitatu angalau. Wiki za mwanzo kila kazi ni ngeni, na ugeni unaweza kupendeza au kutisha kupita kiasi. Ukweli wa kazi huonekana mambo yanapoanza kujirudia. Kama fani haiingiliki bila cheti, kama ilivyo udaktari au sheria, kaa karibu nayo: kujitolea hospitalini, kupanga majalada katika ofisi ya wakili. Utaona maisha ya wale unaotaka kuwa kama wao, wakiwa wamechoka na wakiwa na furaha.

Kazi isiyohusiana na fani nayo ina faida, hasa kama unahitaji fedha. Itenge tu isichukue wiki nzima, au likizo itaisha ukiwa na mshahara na bila jibu.

Endelea kuandika ile mistari mitatu ya kila usiku. Na kwa mambo unayojijua kuwa huyakimbia, weka mipango ya aina aliyoitafiti mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer, ambaye mwaka 1999 alieleza jinsi watu wanavyotimiza zaidi wanachokusudia wakishafunga kitendo na wakati au tukio maalumu. Badala ya "nitatafuta mafunzo kazini", andika "Jumanne nikimaliza kunywa chai, nitapiga simu kwa kampuni mbili."

Mambo mawili ya kulinda. Hisabati, lugha na maarifa ya kompyuta husahaulika haraka, kwa hiyo saa mbili au tatu kwa wiki zibaki za kujikumbusha. Na usikate mawasiliano na darasa. Rafiki mmoja anayekutumia matangazo ya idara anatosha. Tarehe ya kutoa taarifa ya kurudi hutangazwa pale ambapo wewe haupo.

Hatua ya 8: Amua kwa tarehe uliyoiweka

Tarehe ya kuamua iwe mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kutoa taarifa chuoni. Siku hiyo soma daftari lote, soma swali lako, andika jibu. Kuna njia tatu: kurudi kwenye kozi yako, kurudi kwa kubadilisha kozi, au kutorudi.

Kitakachokusumbua zaidi ni mwaka au miaka uliyokwisha soma. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio la watazamaji walionunua tiketi za msimu wa maonyesho ya jukwaani. Baadhi walilipa bei kamili, wengine wakapewa punguzo wasilolitarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, ingawa tiketi zilikuwa zilezile. Kilichokwisha lipwa kilikuwa kinawavuta. Jiulize hivi: kama ningekuwa ndiyo kwanza ninachagua leo, nikijua ninachokijua, na zikiwa zimebaki mihula hii tu, ningeichagua kozi hii? Miaka uliyosoma ihesabu kwa jambo moja tu, kwamba imefupisha safari iliyobaki. Mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja na aliyebakiza miaka mitatu hawana jibu moja, hata kama wote wanaichukia kozi kwa kiasi kilekile.

Wanaochagua kutorudi hupenda kumtaja Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Microsoft. Waangalie alivyoondoka. Alipoondoka Harvard mwaka 1975 ili kufanya kazi na rafiki yake Paul Allen, programu yao ya kompyuta ilikuwa tayari imepata mteja, na aliondoka kwa ruhusa, akiwa bado na mlango wa kurudi. Kama una kitu cha namna hiyo mkononi, kiangalie kwa makini. Kama una wazo tu, rudi, ulilee ukiwa chuoni.

Na jibu likiwa bado halijapatikana? Angalia kama ulilijaribu swali kweli. Kama hukulijaribu, kuongeza muhula mwingine hakutabadilisha kitu mpaka uandike ni kipi utakachokifanya tofauti na nani atakufuatilia.

Hatua ya 9: Kurudi, au kufunga vizuri

Anayerudi atoe taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe, ahakikishe jina limerudishwa kwenye mfumo, na afike chuoni siku chache kabla ya usajili kwa ajili ya bweni na orodha ya masomo. Omba muhula wa kwanza uwe mwepesi kidogo kama kanuni zinaruhusu. Wenzako watakuwa mbele, na wiki za kwanza utakaa na watu usiowajua. Hilo huuma zaidi ya watu wanavyotegemea. Jiunge na kikundi cha kusoma tangu wiki ya kwanza.

Kama umri au miaka iliyopita inakutia unyonge, wapo waliorudi baada ya muda mrefu zaidi. Shaquille O'Neal aliondoka Louisiana State University mwaka 1992 kwenda kucheza mpira wa kikapu na akapata shahada yake mwaka 2000. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, aliacha utafiti wake wa shahada ya uzamivu (PhD) ya falaki Imperial College London mwaka 1974 akaumaliza mwaka 2007. Ilimbidi asome tafiti zote zilizofanyika katika miaka aliyokuwa nje, na kwa kiasi chako wewe pia itakubidi.

Asiyerudi afunge mlango kwa utaratibu: barua ya kujitoa, madeni yalipwe, vitabu vya maktaba virudishwe, na nakala rasmi za matokeo zichukuliwe kadhaa. Uliza masomo uliyofaulu yanatambuliwa kwa miaka mingapi na kama yanaweza kuhamishiwa chuo kingine. Uliza pia kama chuo kinatoa cheti au stashahada kwa aliyefikia kiwango fulani. Mara nyingine mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaondoka bila hata karatasi moja ambayo alikuwa anaistahili.

Siku moja mwajiri atauliza kuhusu mwaka ule usio na muhula. Andika kazi ulizofanya kwenye wasifu wako kwa tarehe zake kama kazi nyingine yoyote, na ana kwa ana jibu kwa sentensi mbili: "Niliahirisha masomo kwa ruhusa ya chuo ili nijue kama uhasibu unanifaa, nikafanya kazi miezi mitano katika ofisi ya ukaguzi. Niligundua napenda ukaguzi kuliko kodi, na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii."